Foleni ya Kadada

Kadada alikuwa na vifungo vitatu tu: kutembea, kuchutama na kungoja. Cha kupiga hakuwa nacho, cha kuruka hakuwa nacho, na kwa msichana anayeishi ndani ya mchezo wa simu huo ni umaskini wa kutisha. Wenzake wa michezo mingine hubeba mapanga marefu kuliko wao wenyewe. Kadada alibeba jerikeni.

Aliyemtengeneza aliitwa Munezero, ana miaka ishirini, na vifungo vyake mwenyewe havikuzidi vya Kadada kwa wingi. Jina lake kwa lugha ya kwao maana yake furaha. Maisha nayo, yakisikia mtu kapewa jina la namna hiyo, huona yamechokozwa. Aliishi na mama yake Rubondo, kijiji kimoja cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na kwa miezi saba alikuwa akienda Base Camp, yaliko makao makuu ya makazi hayo, kwenye darasa la kompyuta la mradi mmoja: wanafunzi kumi na wanane, kompyuta tisa, na umeme wa jua unaozimika kila wingu likipita kusalimia.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kadada anatumwa maji. Anafika kisimani, anaweka jerikeni yake kwenye foleni, anakaa pembeni. Juu ya kioo jua linashuka. Kwenye kona ya chini kuna nyumba, na ndani ya nyumba kuna mtoto, kipande cha mwanga chenye macho mawili, kinachofifia kadiri jua linavyoteremka. Jerikeni ya Kadada ikikaribia bomba, wanatokea wasichana watatu. Mkubwa wao anainyanyua na kwenda kuiweka mwisho kabisa. Hapo mchezaji anabonyeza kila anachokiona, na Kadada anachutama. Akibonyeza tena, anangoja. Akija kufika nyumbani na maji, kona ya chini ni giza.

Mwalimu wao, Appolinaire, Mkongo mwenzao aliyefunga miwani yake kwa waya wa simu, alimrudishia Munezero simu siku mbili kabla ya maonyesho ya Alhamisi, ambako wanafunzi wangeshindania zawadi.

"Nimecheza mara kumi na ine," alisema. "Huyu mutoto anakufa kila mara. Njia ya kushinda iko fasi gani?"

"Haiko, mwalimu."

"Haiko namna gani? Mchezo haina kushinda, ile si mchezo, ile ni maisha! Na maisha tuko nayo ya bure, hakuna mutu atakuja kuiomba ku simu." Darasa likacheka. Appolinaire akashusha sauti. "Siku ya ine tunakwenda Mbarara. Weka fasi ya kushinda. Umesikia, mama?"

"Ndiyo, mwalimu."

Munezero alisema ndiyo kama wengine wanavyopiga chafya: ilitoka yenyewe. Akakaa mbele ya kompyuta mpaka wingu likapita, na hakuweka kitu. Si kwamba hakujua. Alijua vizuri kwamba Kadada alihitaji kifungo cha nne, na alijua kifungo hicho kingefanya nini. Kingesema.

Kisima cha Rubondo kina sheria zake, ambazo hazikuandikwa na ofisi yoyote. Jerikeni ni mtu. Ukiweka yako kwenye foleni umesimama wewe, hata kama uko kivulini unasukwa nywele. Kila nyumba ina alama yake juu ya jerikeni, ya rangi au ya kisu, na kugusa ya mwenzako inaruhusiwa kwa jambo moja tu: kuisogeza mbele foleni inapokwenda. Sheria ya pili ni kubwa zaidi. Mwenye mgonjwa nyumbani anapita. Haulizwi cheti, hapimwi joto. Anasema tu, "Kwetu kuko mugonjwa," na foleni inafunguka, hata wale wenye midomo mirefu wanainyamazisha kwa dakika hizo mbili.

Miaka kumi na moja iliyopita Munezero alikuwa na miaka tisa, na kisimani walimwita Bubu. Aliyemwita hivyo wa kwanza ni Olga, binti wa nyumba ya tatu, mwenye miaka kumi na miwili na mdomo wa watu sita. Baba yake Olga alichora jogoo mwekundu juu ya jerikeni zao, rangi ikamwishia kabla ya mguu wa pili, na tangu hapo alama ya nyumba ile ikawa jogoo wa mguu mmoja. Olga hakumpiga Munezero hata siku moja. Alikuwa akisogeza jerikeni yake nyuma tu, kisha anamwimbia: "Bubu, sema basi! Sema, tukurudishie!" Na wenzake wanapiga makofi.

Munezero hakusema. Wapo watoto wanaofundishwa ukimya kwa fimbo. Yeye alifundishwa kwa mapenzi. Usiku ule walipotoka kwao, Kivu ya Kusini, mama yake mwenye mimba alimlaza kwenye mtama, akamwambia sikioni, "Usitoe sauti, hata ukiona nini." Na aliona. Aliona baba yake anavyoitwa atoke, na alivyotoka. Hakutoa sauti, wakapona wawili na mimba. Wiki waliyofika Nakivale mtoto akazaliwa, wakamwita Bienvenu, kwa kuwa mtu fulani mwenye karatasi aliwaambia karibuni.

Bienvenu alikuwa na mwaka na nusu alipoanza kuhara. Muuguzi alimpa mama pakiti ya dawa, ile ya kuchanganya na maji safi na kumnywesha mtoto kidogokidogo. Pakiti ilikuwepo. Maji yakawa hayapo, na majirani wote jerikeni zao zilikuwa kwenye foleni ileile. "Kimbia," mama alisema. Munezero alikimbia, na kwa bahati asiyoizoea akawa wa tatu. Ndipo jogoo wa mguu mmoja akafika. Jerikeni yake ikabebwa hadi mwisho, nyuma ya nyingine arobaini na zaidi.

Alihitaji maneno matatu. Alikuwa nayo, yamekaa ulimini kama kokoto. Akaenda akakaa kwenye jiwe kando ya uzio, akangoja zamu yake, na alipofika nyumbani jua lilikuwa limegusa vilima. Mama alichanganya ile dawa, lakini mtoto alikuwa ameshasahau kumeza. Hawakufika naye asubuhi.

"Ulikawia juu ya nini?" mama alimuuliza siku ya maziko.

Na Bubu akasema. "Pompi ilikufa." Yaani bomba liliharibika.

Wahenga walituambia mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeficha maradhi ya mwingine hawakumtaja, labda waliona aibu. Uongo ule ulikuwa mdogo, wa mtoto wa miaka tisa, lakini ulikula ukanenepa. Mama yake aliusimulia kanisani. Aliupeleka ofisi ya maji, wakaja wanaume wawili na spana, wakalifungua bomba zima lisilo na ugonjwa na kulifunga tena. Na tangu siku ile mama aliapa kwamba maji ya pompi iliyomuua mwanawe hayataingia nyumbani kwake. Miaka kumi na moja alichota maji kisima cha mbali, kupanda na kushuka, mguu wa kushoto ukivimba kila jioni kama mkate. Munezero akimwambia, "Mama, niache niende mimi," anajibiwa, "Hapana. Ile ni safari yangu na Bienvenu."

Hicho ndicho alichokuwa nacho Munezero: sentensi moja ya kumwambia mama yake, na kila jerikeni iliyoingia mlangoni iliiongezea uzito. Alipopewa kompyuta alidhani ataitua humo. Alimchora Kadada, alichora bomba, alichora foleni, na kwa kuwa jerikeni zote zilifanana akazitia alama ili mchezaji atambue yake. Alama alizozijua. Hakuandika jina la mtu hata mmoja, akajiona ameficha vizuri. Mtu wa Kampala angesema ni mapambo. Mtu wa Rubondo angeisoma foleni ile kama rejista ya kanisa.

Maonyesho yalikuwa Mbarara, kwenye uwanja wa shule moja. Jeshi liliazimisha mahema na viti, na askari waliovileta walibaki kuvilinda, maana kiti cha plastiki kina miguu minne na siku ya sherehe huitumia yote. Munezero aliwekwa kwenye meza ya mwisho. Waamuzi walipita, mmoja akauliza unashindaje, akajibiwa huwezi, akaandika kitu kifupi, akaenda zake. Zawadi ilikuwa imeshapotea kabla ya chai.

Aliyebaki mezani ni askari mmoja kijana, Tumusiime, aliyechoka kulinda viti.

"Wewe dada, hii mimi nacheza namna gani?" Akaelezwa. Akacheza. "Wapi ya kupiga? Hakuna? Sasa hawa adui mimi nafanya wao nini?" Akacheza tena, ulimi nje. "Aaa! Huyu msichana naogopa sana kabisa. Sisi hapana chukua yeye jeshi, hata kupika!" Mara ya tano alisogeza simu karibu na macho, akaacha kucheka, kisha akacheka zaidi. "Eh! Hii kuku! Hii kuku najua! Mguu moja! Hii iko ya nyumbani kwangu, kule kambini kwa jeshi, juu ya jerikeni yote! Olga! Olga, kuja kuona, kuku yako naingia ndani ya simu!"

Kutoka upande wa mahema akaja mwanamke mnene mzuri, mtoto mgongoni, kitenge kipya. Munezero alimtambua kwa mwendo kabla ya uso. Miguu yake ikataka kuchutama, nusura ajicheke mwenyewe.

"Munezero?" Olga alipiga makofi. "Ni Munezero! Bubu yetu! Papa Junior, huyu tumekomea naye Rubondo, fasi moja, tangu butoto!" alimwambia askari, mumewe. Akamkumbatia, kwa nguvu, kwa furaha, na Munezero akawa mikononi mwake kama gunia. Hilo hakulitarajia. Miaka yote alijiandaa kwa chuki ya Olga. Furaha yake hakuwa na pa kuiweka.

"Lete nione. Umetia jogoo wa papa? Wee!" Olga akashika simu. Alikuwa mchezaji mwepesi. Jerikeni ikasogea, ya tano, ya nne, ya tatu. Msichana mwenye jogoo akatokea akaibeba.

"Huyu ni mimi?"

Munezero akaitika kwa kichwa.

"Nilikuwa nafanya vile?" Aliuliza kweli, hakuwa anaigiza. Alitafuta usoni mwa Munezero kama mtu anayetafuta ufunguo. "Pengine. Tulikuwa batoto, tulikuwa tunacheza tu. Ulikuwa unasikia vibaya?"

Wanaokanyaga hawakumbuki majani. Hilo nalo ni haki ya mguu. Olga akaendelea kucheza, taratibu sasa, hadi kona ya chini ikazima.

"Na huyu mutoto ni nani?"

"Bienvenu."

"Hapana." Olga aliweka simu mezani. "Bienvenu alikufa juu ya pompi. Mama yako alisema mu kanisa, sote tulilia. Papa yangu ndiye alipiga sanduku misumari."

"Pompi haikukufa," Munezero alisema. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilitoka. "Nilikuwa wa tatu. Ukaweka bidoni yetu nyuma. Ndiyo ile siku."

Tumusiime, ambaye Kiswahili hiki cha Wakongo alikiokota nusunusu, aliokota ya kutosha. Alimfungua mtoto mgongoni mwa mkewe bila kuulizwa, akasogea naye pembeni kwenye viti vyake.

Olga aliiangalia tena ile kona ya giza kwenye simu. Kisha akawaka. "Mbona haukusema? Ungesema tu kuko mugonjwa! Mimi mwenyewe ningekubebea ku mbele! Nani Rubondo angekatalia mugonjwa?"

"Nilikuwa na miaka kenda."

"Na mimi kumi na mbili!"

Watu wa meza ya jirani waligeuka. Olga alifuta uso kwa ncha ya kitenge, kwa hasira, kama anayefuta meza.

"Sawa. Nilikutesa. Nimeona hapa, naamini, sikukatali. Lakini umenipatia mufu mu simu, mbele ya bantu, na jogoo ya papa yangu juu yake, na haujaniambia hata bonjour." Akavuta pumzi. "Mama yako anajua?"

Munezero aliangalia simu.

"Angali anakwenda ku pompi ya mbali?" Hakungoja jibu. "Eh, Mungu wangu. Na ule mguu." Akamtazama Munezero usoni. "Siku ya Mungu, kiisha misa, nakuja Rubondo. Nitaingia kwenu, nitamuambia ile yangu. Kama haujasema ile yako, atasikia yote kwangu. Sikutishi, Munezero. Lakini mimi siwezi kulala na hii peke yangu, na wewe sijui umeweza namna gani."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa Munezero alifungua mdomo mara mbili. "Mama." "Ee?" "Chumvi inaisha." "Mama." "Ee?" "Kuku ya jirani iko mu mihogo." Jumamosi alifungua mara moja, na kilichotoka hakikuwa hata kuku. Ukimtazama ungecheka, kama hukujua anachotafuta.

Jumapili mama alirudi kutoka kisima cha mbali jua likiwa bado juu. Alitua jerikeni, akatoa ngata ya kanga kichwani, akakaa kizingitini kuunyoosha mguu.

"Mama. Ile siku ya Bienvenu, pompi haikukufa."

Mama alikuwa anaikunjua ngata. Akaendelea kuikunjua.

"Nilikuwa wa tatu. Olga akasukuma bidoni yetu mpaka mwisho. Na sikusema kama kwetu kuko mugonjwa. Nilikaa."

"Ulikaa fasi gani?"

"Ku lile jiwe, pembeni ya fensi."

"Mpaka zamu yako?"

"Mpaka zamu yangu."

Mama aliilaza kanga juu ya goti, akaipangusa mikunjo. "Olga alikuwa anajua kama mutoto iko mugonjwa?"

Hapo palikuwa na mlango mwingine, wazi, wa kutokea. Neno moja tu, na mzigo wote ungehamia kambini Mbarara, kwa mtu mwenye mgongo mpana. Munezero aliuona mlango ule vizuri sana.

"Hapana. Hakujua. Hakuna mutu nilimuambia."

"Jirani yetu Mama Astère alikuwa pale?"

"Alikuwa."

"Angekupitisha."

"Ndiyo, Mama."

"Bote bangekupitisha."

"Ndiyo."

Mama hakulia. Ingekuwa rahisi kama angelia, Munezero angejua la kufanya na mikono. "Miaka kumi na moja nalaani chuma," mama alisema, polepole, kama anayejifunza kusoma. "Nimeipeleka mbele ya Mungu. Chuma." Kisha: "Uliogopa nani? Olga?"

"Kwanza Olga. Kiisha wewe."

Mama aliinua mkono, na Munezero akakaza shavu, lakini mkono ulikwenda mdomoni kwa mama mwenyewe ukabaki pale. Ulipotoka, sauti ilikuwa kavu.

"Toka. Leo siwezi kukuona na macho. Nenda kwa Mama Astère, ulale kule."

"Mama..."

"Kesho uje. Nimesema kesho, sikusema usirudi. Lakini leo, toka."

Njiani, mbele ya nyumba, alikutana na Olga, kitenge kimejaa vumbi, mfuko wa sukari na sabuni mkononi.

"Umesema?"

"Nimesema. Usiingie, hataki kuona mutu."

Olga aliutazama mlango, akautazama mfuko, kisha akajikalia chini, nje, ukutani, miguu imenyooka, kama wanavyokaa wanawake kwenye matanga. "Basi nitakaa hapa mpaka atake," alisema. Hakuongeza mzaha wowote, na kwa Olga hiyo ilikuwa kama kufunga siku tatu.

Mama Astère, jirani wa nyumba ya nne, alikuwa anamenya mihogo. Alimwona Munezero amesimama mlangoni na mikono mitupu.

"Mumekosana na mama yako? Nyie? Dunia inaisha! Juu ya nini?"

"Juu ya Bienvenu. Nilimudanganya ile siku ya maji. Pompi ilikuwa nzima. Hata wewe ulikuwa pale, Mama Astère."

Kisu kikasimama katikati ya muhogo. Mwanamke yule aliangalia juu, akihesabu kitu ambacho kimekaa miaka kumi na moja bila kuhesabiwa.

"Mimi nilikuwa wa ngapi?"

"Wa saba."

"Nilichota mbele yako."

"Ndiyo."

"Ya kufulia," Mama Astère alisema. "Ile siku nilikuwa nafua." Aliweka kisu chini. Alisogeza beseni kwa mguu, akavuta mkeka kutoka nyuma ya mlango, mkeka ambao kijiji kizima kilijua una kunguni, akautandika mwenyewe.

"Kaa," alisema mwishowe. "Uniambie. Anza tangu asubuhi."

Munezero akakaa. Koo lilimuuma kama la mtu aliyepiga kelele siku nzima, na alikuwa hajasema hata sentensi ishirini. Akaanza tangu asubuhi.